Lisbon: Namna ya Kuchagua pa Kulala Bila Kuteswa na Vilima

Wateja ninaowapangia malazi Lisbon, mji mkuu wa Ureno, huniuliza kwanza: "Ni karibu na katikati ya mji?" Kwa mji tambarare hilo ni swali zuri. Lisbon imekaa juu ya vilima, na umbali wa mita 300 kwenye ramani unaweza kuwa ngazi tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi naanza na mwinuko, kisha lifti, kisha kelele. Bei na uzuri wa picha vinafuata baadaye.

Hatua ya 1: Vijue vilima kabla hujatazama bei

Fungua ramani utafute Baixa, mitaa iliyonyooka kati ya uwanja wa Rossio na mto Tagus. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliangamiza eneo hili, na waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, akasimamia ujenzi mpya kwa vipimo vya rula. Baixa iko bondeni, kwa hiyo ni tambarare, na kwenye mitaa mingi teksi inakushusha mlangoni. Mashariki yake kinainuka kilima cha ngome ya São Jorge, na Mouraria na Alfama zimejishikiza kwenye miteremko yake. Magharibi unapanda Chiado, na juu zaidi Bairro Alto. Kaskazini barabara ya Avenida da Liberdade inapanda taratibu hadi mzunguko wenye sanamu ya huyo huyo Pombal, na baada ya hapo ni mitaa ya kisasa zaidi, kama Saldanha na Avenidas Novas, ambako miguu inapumzika.

Ukipenda tangazo lolote, chukua jina la mtaa, fungua picha za barabarani kwenye ramani, na "tembea" kutoka kituo cha metro hadi mlangoni. Ukiona chuma cha kushikilia kimepigiliwa ukutani, wenyeji wameshakujibu.

Angalia pia chini. Njia za waenda kwa miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi. Vinapendeza sana, ila mvua ikinyesha vinateleza, na sanduku la magurudumu linalia hadi mtaa mzima ujue umefika.

Misaada ya kupandia ipo. Ngazi za umeme za kituo cha metro cha Baixa-Chiado zinakutoa bondeni hadi Chiado bila jasho. Kutoka Rua dos Fanqueiros kuna lifti ya umma, ya bure, inayokupunguzia safari ya kwenda ngomeni. Viberenge vya mlimani usiviweke kwenye hesabu: Glória, kilichoanza kazi mwaka 1885, kiliacha njia tarehe 3 Septemba 2025 na watu 16 wakafariki, na vingine navyo vikasimamishwa ili vikaguliwe. Ukikuta kimoja kinafanya kazi, vizuri, lakini usichague nyumba kwa kukitegemea.

Hatua ya 2: Linganisha mtaa na anayesafiri

Mama mmoja wa makamo alinitumia picha ya nyumba ya Alfama yenye maua dirishani. "Mwanangu, nimeipenda hii." Nikamjibu, "Shikamoo mama. Goti linaendeleaje?" Alikaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Basi nitafutie yenye lifti."

Alfama ni Mji Mkongwe wa Zanzibar uliopandishwa mlimani: vichochoro, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu, na gari haliingii. Lilinusurika kwa sehemu kubwa mwaka 1755, na sura hiyo ya kale ndiyo inayovuta watu. Kijana mwenye begi la mgongoni atafurahi. Mwenye masanduku mawili na mtoto wa kigari atajuta kabla hajafika mlangoni.

Mouraria, upande wa pili wa kilima, ndiko walikowekwa Waislamu baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147. Leo, kuzunguka uwanja wa Martim Moniz na Rua do Benformoso, utapata maduka na migahawa ya Wabangladeshi na Wahindi, nyama halali na viungo vya pilau. Kwa msafiri wa kwetu anayechoshwa haraka na chewa wa chumvi, hiyo si faida ndogo. Metro ya mstari wa kijani inapita hapo, na ukiteremka vituo kadhaa kaskazini hadi Anjos au Arroios bei kwa kawaida zinapungua na ardhi inatulia.

Bairro Alto sitampangia mtu anayetaka usingizi. Baa zimebanana, na wanywaji wanasimama barabarani chini ya dirisha lako. Cais do Sodré ni hivyo hivyo karibu na barabara moja iliyopakwa rangi ya waridi. Belém, yenye monasteri ya Jerónimos ambamo amezikwa Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, ni pa kutembelea mchana tu. Jioni panakuwa kimya, na kurudi katikati kunahitaji tramu au treni kila mara.

Wanaokwenda kwa ajili ya ibada au jumuiya nawaelekeza kaskazini-magharibi. Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, na waumini wake wengi wana asili ya Msumbiji. Ismaili Centre iko upande wa Laranjeiras. Metro ya buluu inahudumia pande zote mbili, kwa hiyo São Sebastião, ambako mstari wa buluu unakutana na mwekundu wa uwanja wa ndege, ni chaguo ambalo watalii wengi hawalifikirii.

Mwenye ndege ya alfajiri alale Oriente, kwenye Parque das Nações, eneo lililojengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1998. Ni vituo vitatu tu vya metro kutoka uwanja wa ndege. Historia hakuna, lakini lifti zipo.

Hatua ya 3: Soma anwani, kisha uliza lifti

Anwani ya Lisbon huishia na kitu kama "3.º Esq." Maana yake ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto; "Dto." ni kulia, na "R/C" ni chini kabisa. Ghorofa ya kwanza inahesabiwa juu ya ya chini, kama kwetu, na dari za nyumba za zamani ni ndefu, kwa hiyo ghorofa ya tatu ni kupanda haswa.

Mwandikie mwenye nyumba maswali haya kabla hujalipa: Lifti ipo? Inaanzia usawa wa barabara, au kuna ngazi kabla ya kuifikia? Sanduku kubwa linaingia? Swali la pili watu hulisahau, ilhali majengo mengi ya zamani yamewekewa lifti baadaye, mahali palipopatikana. Jibu likija limezungukazunguka, "ni ngazi chache tu", wewe hesabu kwamba ni nyingi.

Hatua ya 4: Sikiliza usiku na pima baridi

Soma maoni ya wageni waliolala Ijumaa na Jumamosi. Uliza kama madirisha yana vioo viwili na kama chumba cha kulala kinatazama barabara au uani. Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, na ndege zinazotua kutokea kusini hupita chini juu ya Avenidas Novas na Campo Grande. Wepesi wa kuamka walijue hilo. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Antonio, Alfama na Mouraria hazilali kabisa: dagaa wakubwa wanachomwa nje na muziki unapigwa hadi asubuhi. Nenda kwa ajili ya hiyo, au ukae mbali.

Baridi inawashangaza watu wa pwani. Januari usiku hushuka hadi karibu nyuzi 8, na nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto. Ndani panaweza kuwa na baridi kuliko nje kwenye jua. Uliza kipasha joto kipo chumba gani.

Hatua ya 5: Pata bei halisi

Juu ya bei ya chumba ongeza kodi ya watalii ya jiji: euro 4 kwa kila mtu kwa usiku, kwa usiku usiozidi 7, kuanzia umri wa miaka 13. Watu wazima wawili kwa usiku 5 ni euro 40. Fleti nyingi zinaongeza ada ya usafi, na kwa safari ya usiku mbili ada hiyo inaweza kuifanya hoteli iwe nafuu.

Fleti halali ya wageni ina namba ya usajili inayoishia na "/AL" kwenye tangazo. Isipokuwepo, pita. Mkutano wa teknolojia wa Web Summit, mwezi Novemba, hupandisha bei mji mzima. Ukiweza sogeza tarehe.

Kwa viza ya Schengen, ile ya kuingia Ureno na nchi nyingine nyingi za Ulaya, utadaiwa uthibitisho wa malazi kwa siku zote za safari. Weka nafasi inayoweza kufutwa bila gharama, na uhakikishe tarehe ya mwisho ya kufuta inakuja baada ya siku unayotegemea jibu la ubalozi, si kabla yake.

Hatua ya 6: Panga kufika

Metro inafungwa saa saba usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Fleti nyingi hazina mapokezi. Unatumiwa namba za kisanduku cha ufunguo. Ziombe kabla hujapanda ndege, zihifadhi kama picha kwenye simu, na omba pia picha ya mlango wa nje, kwa sababu milango ya Alfama inafanana. Kama unashukia huko, mwambie dereva akuache kwenye uwanja mdogo ulio karibu zaidi, na umwombe mwenye nyumba akuambie ni upi.