Kununua Remington Model 8 ya Zamani na Kuipiga kwa Usalama

Miongoni mwa bunduki za mawindo za zamani zinazojipakia zenyewe, Remington Model 8 ndiyo ningemshauri mnunuzi wa Marekani aitafute kwanza. Ilibuniwa na John Browning, ikaingia sokoni mwaka 1906, ikapewa jina la Model 8 mwaka 1911, na mwaka 1936 ikaipisha Model 81 iliyoendelea kutengenezwa hadi 1950.

Kabla ya kuvutiwa na mti wa kitako, uliza bunduki inatumia risasi gani. Model 8 ilitolewa kwa risasi za aina nne, yaani .25, .30, .32 na .35 Remington, na ni ya .35 pekee ambayo bado hutengenezwa viwandani, ingawa haipatikani kila duka. Model 81 ilikuja pia kwa .300 Savage, ambayo nayo bado inauzwa. Bunduki ya .25 inaweza kuwa nzuri kuliko zote mezani, lakini asiyejua kujitengenezea risasi kwa mkono atabaki akiipangusa vumbi.

Baada ya hapo mwombe muuzaji ruhusa ya kuangalia ndani ya mtutu kwa taa. Fataki za risasi za zamani, yaani vile vidonge vya kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi, ziliacha chumvi iliyovuta unyevu, kwa hiyo bunduki nyingi za kabla ya miaka ya 1930 zina vishimo vya kutu mtutuni hata kama nje zinang'aa. Vishimo vichache si sababu ya kuikataa, ila mifuo, yaani mifereji ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi, ikiwa imelika kabisa ni sababu tosha. Chunguza pia kitako pale kinapokutana na chuma, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya darubini hushusha thamani mbele ya wakusanyaji. Kwa mtu anayetaka kuwinda nayo, hiyo ni nafasi ya kupunguziwa bei.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza ni springi. Katika bunduki hii mtutu wenyewe husogea: risasi inapolia, mtutu na bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, hurudi nyuma pamoja ndani ya ala ya chuma, kisha bolti huzuiliwa huku mtutu ukitangulia kurudi mbele na ganda likitupwa nje. Springi iliyochoka huuacha mtutu ugonge nyuma kwa nguvu, na pigo hilo likirudiwa mara nyingi huumiza chuma na kitako pia. Kwa hiyo mpelekee fundi wa bunduki aifungue, abadilishe springi zilizolegea na apime nafasi kati ya bolti na chemba inamokaa risasi, na usipige risasi hata moja kabla hajamaliza.

Kwa sheria ya shirikisho, bunduki iliyotimiza miaka 50 huhesabiwa kuwa ya kale kwa wakusanyaji wenye leseni, lakini haiachi kuwa silaha. Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni, kwa kawaida utajaza fomu na kuchunguzwa rekodi zako. Kanuni za kuwindia kwa bunduki ya namna hii hutofautiana kwa kila jimbo, kwa hiyo ziulize kwenye ofisi ya wanyamapori ya jimbo lako kabla ya msimu.

Siku ya kwanza nenda kwenye uwanja wa shabaha ukiwa na miwani na vizuia sauti vya masikio, pamoja na risasi mpya za kiwandani. Magazini huchukua risasi tano na hujazwa kwa juu bolti ikiwa wazi, lakini anza na risasi moja tu. Ikifyatuka na ganda likatoka vizuri, weka mbili, ili ujue kama bunduki inafyatua mara mbili kwa kubonyezwa mara moja. Ikifanya hivyo, itoe risasi na uirudishe kwa fundi siku hiyohiyo. Wenzo wa usalama uko upande wa kulia, nao ukiwa juu bunduki imefungwa. Kibane kitako begani barabara, maana utahisi misukumo miwili, mmoja wa mtutu kurudi nyuma na mwingine wa kurejea mbele, na mpigaji mgeni hudhani kuna kitu kimevunjika.

Usitarajie masafa ya bunduki za leo. Risasi ya .35 ni nzito na ya mwendo wa wastani, nayo humfaa paa wa msituni aliye ndani ya mita 150 hivi.