Kununua kampa kuukuu inayohitaji injini nyingine: mwongozo kwa watu wa Malindi

Juzi nimemsaidia shemeji yangu kununua HiAce ya dizeli, ile tunayoiita Shaki, iliyogeuzwa kampa: kitanda nyuma, sinki, kabati, na paa la kunyanyua. Injini ilikuwa imekufa. Tangu hapo watu wawili watatu wameniuliza tulivyofanya, basi nayaandika yote hapa.

Msimamo wangu ni huu: nunua bodi na karatasi. Bei ya injini utaijua kabla hujatoa shilingi. Bei ya kutu hakuna anayeijua mpaka fundi wa kuchomea aanze kukata.

Hatua ya kwanza: bodi

Upepo wa bahari hula gari kutoka ndani. Toa godoro, inua zulia na plaiwudi, kisha chukua bisibisi udunge sakafu, hasa chini ya sinki na pembeni mwa matao ya magurudumu. Angalia pale paa lilipokatwa ili linyanyuke, na chini ya kioo cha mbele. Ingia uvunguni ugonge chesisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Ukikuta uvungu umepakwa rangi nyeusi mpya, kwangua kidogo. Chesisi ikiwa imetoboka, ondoka, hata kama kabati za ndani ni za mvule.

Hatua ya pili: karatasi

Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye logibuku. Fanya utafutaji NTSA, mamlaka ya usafiri, uone mwenyewe halisi ni nani na kama gari lina mkopo. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako; usilipe pesa zote kabla ya hapo.

Kampa yenye nambari za kigeni, iliyoachwa na msafiri, mimi siigusi. Nyingi huingia kwa kibali cha muda bila kulipiwa ushuru, na kanuni ya Kenya ya magari yanayoingizwa, KS 1515, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 wala lenye usukani wa kushoto.

Hatua ya tatu: bei

Muuzaji atasema, "Ni gasketi tu." Wewe hesabu kama injini haipo kabisa.

Hatua ya nne: kutafuta injini

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo soma polepole.

Shaki nyingi za dizeli zina injini za ukoo wa L: 2L ya cc 2,446, 3L ya 2,779, na 5L ya 2,986. Fundi anayezijua huweka 3L au 5L mahali pa 2L bila kukata chesisi. Mimi nachagua 3L au 5L kila mara. 2L ikichemsha, hedi yake, yaani kichwa cha juu cha injini, hupasuka upesi, na kampa iliyobeba kitanda, gesi na maji haina wepesi wa gari tupu.

Ila ukiambiwa "5L", uliza: ni 5L au 5L-E? Pampu ya 5L-E huongozwa na kompyuta. Bila kompyuta yake na waya zake zote, umenunua chuma. Pampu ya kawaida ina mkono unaovutwa na kebo ya akseli, na waya chache tu. Chukua hiyo. Ukikwama njia ya Garsen, fundi yeyote wa dizeli ataielewa.

La pili ni giaboksi. Injini nyingi za mtumba kutoka Japani zimetoka kwenye gari za otomatiki. Hizo haziji na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hukaa juu yake. Zina sahani nyembamba tu, na kiberingi kidogo kinachokaa mwisho wa krenki, mhimili mkuu wa injini, mara nyingi hakimo. Gari lako likiwa la manyua, yaani la gia za mkono, usimruhusu mtu auze injini ya zamani kuwa vyuma chakavu kabla hujatoa flaiwili. Toa pia sampu, bakuli la oili la chini ya injini, na bomba la kunyonya oili, kwa sababu injini ya L iliyotoka kwenye Hilux inaweza kuja na sampu ya umbo jingine, isiyopita chini ya Shaki.

Ukiwa dukani Mombasa, kabla ya kulipa: zungusha krenki kwa spana, izunguke duru kamili bila kukwama. Fungua kifuniko cha oili. Ute wa rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Chungulia njia za maji kama zina kutu. Dai risiti yenye nambari ya injini na nakala ya hati za forodha. Asiyetoa hivyo viwili, muache.

Hatua ya tano: kabla ya kuishusha ndani

Injini ya HiAce iko chini ya viti, na kuifikia baadaye ni adhabu. Ikiwa bado iko sakafuni badilisha mkanda wa taimingi na tensheni yake, pampu ya maji, sili ya nyuma ya krenki, na klachi. Mkanda ukikatika, valvu hugonga pistoni.

Rejeta ioshwe. Usitie maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi ya betri au ya mvua.

Hatua ya sita: kufunga

Hii muachie fundi.

Hatua ya saba: nambari mpya

Injini mpya ina nambari isiyo kwenye logibuku. Omba NTSA wabadilishe taarifa, gari likaguliwe, uambatishe risiti na zile hati za forodha. Fanya hivyo kabla ya safari ndefu ya kwanza. Hadi hapo jaribu gari karibu, Mambrui na kurudi, ukitazama geji ya joto, na baada ya kilomita 1,000 mwaga oili na ukaze tena mauntingi, vile vishikizi vya injini.