Somo: Kununua shamba la msitu lenye chemchemi mkoani Dodoma

Dalali akikupigia kwamba kuna shamba la msitu Kondoa, Chemba au Mpwapwa, lina chemchemi na wanyama wa kuwinda, jua kwamba katika hivyo vitatu anaweza kukuuzia kimoja tu. Maji na wanyamapori ni mali ya umma, hata wakiwa ndani ya mpaka wako. Unalipia haki ya kutumia ardhi. Usikubali bei ipandishwe kwa visivyo vyake.

Hatua ya 1: Nenda Oktoba. Machi kila korongo lina maji, limekudanganya. Kiangazi kikikolea ndipo chemchemi ya kweli inajulikana. Kinga dumu la lita 20 uone linajaa kwa muda gani. Angalia njia za ng'ombe zinaelekea wapi, kisha waulize kina mama wanaoteka kama iliwahi kukauka. Ukikuta foleni ya madumu alfajiri, kijiji kinaishi kwa maji hayo. Ukiwazungushia uzio umenunua ugomvi, na haki itakuwa yao.

Hatua ya 2: Ofisi ya kijiji. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kumkataa mnunuzi wa kutoka nje. Omba kuona mpango wa matumizi ya ardhi, eneo lisije likawa malisho au msitu wa hifadhi wa kijiji. Halafu tembea mpaka wote kwa miguu, majirani wakiwepo.

Hatua ya 3: Miti. Usipeleke msumeno kabla ya kuonana na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mninga na mpingo zinalindwa hata shambani kwako.

Hatua ya 4: Maji. Ya kunywa na kupikia hayahitaji kibali. Ya kumwagilia, omba kibali Bodi ya Maji ya Bonde, ofisi ya serikali inayosimamia maji ya bonde la mto wenu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Chemchemi nayo iachie nafasi hiyohiyo na miti yake.

MASWALI

Mkuu, digidigi akiingia shambani kwangu siwezi kumfanya kitoweo?
Bila leseni huo ni ujangili, shamba liwe lako au la jirani. Anzia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Mume wangu ni raia wa Ujerumani. Tuandike majina yote mawili?
Hapana dada. Asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu wake maalumu. Andika lako.

Muuzaji anasema nilipe kwanza, muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji utafuata.
Usilipe, ndugu yangu. Hela itoke mbele ya mtendaji wa kijiji na majirani wa mpaka, muhtasari ukiwa umeshagongwa muhuri, na mke wa muuzaji awe amesaini kwamba ameridhia.