Kupiga Picha Familia Yako: Namna ya Kujenga Mradi wa Muda Mrefu

Anza na swali moja, na liwe dogo. "Familia yangu" ni mada pana mno. Ukiingia nayo hivyo utaishia na mamia ya picha za watu wanaotabasamu, usijue uchague ipi. "Baba hushindaje mchana tangu astaafu?" ni swali linalopigika picha. "Nani kati yetu amerithi mikono ya bibi?" linapigika zaidi, maana tayari limekuonyesha pa kuelekeza kamera.

Kisha jiwekee sharti. Mwaka 1975 mpiga picha Nicholas Nixon wa Marekani alianza mfululizo wa picha za mkewe na dada watatu wa mkewe huyo, moja kwa kila mwaka, wanne hao wakisimama kwa mpangilio uleule. Kwa kuwa mpangilio haubadiliki, jicho linabaki na nyuso, na miaka inaonekana. Sharti lako linaweza kuwa kiti kimoja, au saa ileile ya jioni. Usijiwekee matano kwa mpigo, utayavunja mapema.

Vifaa visikuumize kichwa. Lenzi ya milimita 35 inatosha, kwa sababu inachukua eneo pana kiasi na vyumba vingi havikupi nafasi ya kurudi nyuma. Simu nayo inafaa. Kinachoharibu picha nyingi za ndani ni mwanga: mtu amekaa kati ya dirisha na balbu, upande mmoja wa uso unatoka buluu, wa pili njano, na kusawazisha hilo kwenye kompyuta ni kazi ngumu. Zima taa. Msogeze hadi mita moja hivi kutoka dirishani, ubavu wake ukielekea kwenye mwanga. Fungua tundu la lenzi hadi f/2.8 ili mwanga mwingi uingie, weka kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde, na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ipande hadi 1600 au 3200 ikibidi. Chengachenga zinazotokana na ISO kubwa zinavumilika, lakini mtoto aliyecheza mbele ya kamera kwa kasi ya 1/30 atatoka ukungu, na picha hiyo haiokoleki.

Watu wa nyumbani hujipanga wakiona kamera. Iache mezani siku kadhaa waizoee, kisha vumilia zile picha za mwanzo za kujitengeneza. Kazi huanza pale mama anaporudi kukunja nguo na kusahau kwamba upo.

Albamu za zamani ni nusu ya mradi. Picha iliyogandia kwenye ukurasa usiibandue: uso wake unaweza kuchanika na taswira ikabaki kwenye albamu. Ipige ikiwa palepale, kamera ikiwa sambamba na ukurasa, mwanga ukitoka pande mbili kwa nyuzi 45 hivi ili isimetemete. Inayotoka kirahisi iskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), nyuma pia, maana huko ndiko kwenye mihuri ya studio na majina. Ukiongeza jina, tumia penseli laini pembeni, wino hupenya.

Msanii wa picha Lebohang Kganye wa Afrika Kusini alivaa nguo za marehemu mama yake, akaiga mikao yake ya kwenye picha za zamani, kisha akaziunganisha taswira hizo mbili. Si lazima ufuate njia yake, ila mradi ukihusu wewe ni nani, nawe uingie kwenye fremu: tripodi, na taima ya sekunde 10.

Wakati wa kuchagua, chapa picha ndogo za sentimita 10 kwa 15, uzitandaze sakafuni, upunguze hadi zibaki 20 hivi. Mwite mtu asiye wa familia azitazame. Wewe unaikumbuka siku yenyewe, kwa hiyo unaisamehe picha dhaifu. Yeye anaona kilichomo tu.

Ruhusa huombwa mara mbili: kabla ya kupiga na kabla ya kuonyesha. Aliyekubali kupigwa akiwa mgonjwa huenda asitake majirani wamwone hivyo, na mtoto akikua huenda akabadili msimamo. Akikataa, itoe hiyo picha, hata kama ndiyo bora kuliko zote, kisha panga upya zile zilizo kando yake maana mfuatano utakuwa umekatika.