Jinsi ya kuchora safari ya mwanachuoni wa zamani ukutani mwa madrasa

Madrasa yetu iko Kisenyi, hapa Kampala. Wanafunzi ni Waganda, Wanubi na Wasomali, Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Majina ya maulamaa wameyahifadhi, lakini uliza Bukhara iko upande gani, wote wanatazama dari. Mimi huwachoresha njia. Tafuta karatasi ya manila, atlasi ya shule, penseli, kalamu ya wino, na mwanachuoni mmoja tu.

Anza na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco. Kielimu wapo waliomzidi mbali, lakini yeye alifika pwani yetu na habari zake ni tele. Weka nukta Tangier, alikotoka mwaka 725 Hijria, kijana wa miaka 21 anayekwenda kuhiji. Vitabu vya kale vinahesabu kwa Hijria, basi wafundishe hivi: gawanya mwaka kwa 33, jibu litoe kwenye mwaka wenyewe, kisha jumlisha 622. Kwa 725 utapata 1325. Wakati mwingine hupishana kwa mwaka mmoja, si neno.

Usikimbilie kuunganisha nukta. Walimu wengi huvuta mstari mwekundu moja kwa moja hadi China, darasa linashangilia, basi, somo limekwisha bila somo. Kila nukta iulizwe mambo matatu: alisoma kwa nani, alilala wapi, nani alimlisha?

Damascus, Ramadhani ya 726, aliketi katika Msikiti wa Bani Umayya akasikiliza Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi, yote kwa vikao 14, akapewa ijaza, yaani idhini ya kuisomesha. Waeleze kwamba ijaza ilitoka kwa shekhe mwenyewe, ikitaja aliyempokelea yeye, na aliyempokelea huyo. Ndiyo maana watu walisafiri: shekhe akifa, mnyororo wake umekwenda naye.

Mogadishu ndiyo nukta ninayokaa nayo sana. Vijana wa mji walikuja melini na sahani za chakula, kila mmoja akijitafutia mfanyabiashara wa kumkaribisha kwake. Waliposikia huyu ni mwanachuoni, mambo yakabadilika: kadhi akamjia, akapelekwa kwanza kwa sultani, ndipo akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi. Akaandaliwa wali wa samli na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Hapo Waganda wangu, walaji wa matoke, huamka wote, na Wasomali wanavimba vichwa wiki nzima.

Mombasa alilala usiku mmoja tu, mnamo 1331, lakini aliona: mlangoni mwa msikiti kisima kifupi, maji yanatekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, mtu ananawa miguu, anaipangusa kwenye kipande cha mkeka, ndipo anaingia. Mwambie mtoto aichore hiyo pembeni mwa nukta.

Sasa umbali. Chukua kilomita 35 kwa siku kuwa mwendo wa msafara. Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100, yaani mwezi na ushei. Waambie basi kwamba sahaba Jabir bin Abdullah alikwenda mwendo wa mwezi mzima hadi Sham, yaani upande wa Syria, kwa Abdullah bin Unays, kwa ajili ya hadithi moja.

Wino tumia palipo na uhakika, penseli palipo na shaka. Ibn Battuta alisimulia baada ya kurudi kwao, mwandishi Ibn Juzayy akaandika, kitabu kikamalizika 1355. Maelezo mengine ya Damascus yamechukuliwa kwa Ibn Jubayr, msafiri aliyetangulia zaidi ya miaka 100, na safari ya Bulghar, mji wa mto Volga huko Urusi, wataalamu wengi hawaikubali. Watoto wanapenda sana kugombania penseli hii, waache wagombane.

Wakubwa wakimaliza, wape mwanachuoni Ghazali. Mwaka 488 Hijria aliacha kiti chake cha ualimu katika madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, mshahara na heshima zote, akaenda Sham. Hesabu ya mwaka waifanye wenyewe, na swali la nani alimlisha walijibu upya, maana sasa halina sultani ndani yake.