Tafuta Udhaifu Wako Kabla ya Kuongeza Kilomita: Mwongozo kwa Wakimbiaji wa Lamu

Wakimbiaji wengi wa hapa kisiwani wana siku moja waliyokimbia vizuri ajabu na mpaka leo hawajui kwa nini. Mara nyingi jibu ni upepo. Ukitoka Shela na kufuata ufuo kuelekea Kipungani msimu wa kaskazi, upepo unakusukuma mgongoni, na ukigeuka unakupiga usoni. Wakati wa kusi mambo yanageuka. Ongeza maji: yakikupwa unakanyaga mchanga mgumu uliolala sawa, yakijaa unasukumwa juu kwenye mchanga laini unaomeza mguu. Hali ikiwa hiyo, saa ya mkononi inapima bahari pamoja nawe.

Hatua ya 1: Jipime mahali pamoja, maji yakiwa vilevile

Pima kilomita 2.5 kwa simu kuanzia alama isiyohama, kisha nenda na urudi: jumla kilomita 5. Kwenda na kurudi kunapunguza udanganyifu wa upepo, ingawa hakuumalizi, maana upepo wa mbele hukugharimu zaidi kuliko ule wa nyuma unavyokusaidia. Kwa hiyo chagua asubuhi tulivu, mara tu baada ya sala ya Alfajiri, kabla jua halijapanda.

Maji ndiyo yanayohitaji hesabu. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu, alfajiri maji huwa juu na ufuo umebaki kipande. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, alfajiri hukuta mchanga mgumu. Jipime katika siku hizo, na jaribio la pili ulifanye maji yakiwa hivyo hivyo. Usipokuwa na jedwali la maji, muulize mvuvi yeyote.

Njia ya pwani kutoka mjini hadi Shela, kama kilomita 3, haifai kwa jaribio. Punda wenye mizigo hawakupishi, na maji yakijaa kuna mahali utalowa miguu.

Hatua ya 2: Soma kila kilomita, usisome jumla tu

Kijana akiniambia, "Kochi, mimi sina pumzi," humwambia alete daftari alimoandika muda wa kila kilomita. Chukua mfano wa mtu aliyemaliza kwa dakika 27:00. Kilomita zake ni 4:50, 5:15, 5:30, 5:45 na 5:40. Huyu pumzi anayo. Angegawa sawa, kila kilomita ingekuwa 5:24. Ameitumia pumzi yote kwenye ile ya kwanza, na kichomi kikamkamata njiani. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni Chicago mwaka 2023, saa 2:00:35, nusu ya kwanza aliikimbia kwa 1:00:48 na ya pili kwa 59:47. Alimaliza kwa kasi kuliko alivyoanza. Mfundishe huyo kijana aanze kwa 5:30 na ajizuie, hata wenzake wakimwacha. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, maana pwani hapa watu wanatazama.

Dalili nyingine ni hizi. Kilomita zote ziko sawa lakini muda haujasogea kwa miezi: mazoezi yako yote yana kasi moja, si ya kupumzisha mwili wala ya kuusukuma. Pumzi iko sawa lakini shavu la mguu limekaza na mguu hauinuki: misuli na kano ndizo dhaifu. Uko vizuri alfajiri, lakini kasi inaanguka kila unapokimbia saa mbili asubuhi: tatizo ni joto, na joto lina dawa yake.

Andika udhaifu mmoja tu juu ya ukurasa. Mwingine uusubirishe.

Hatua ya 3: Punguza kasi siku nyingi za wiki

Ukikimbia siku tano, nne ziwe za polepole kiasi cha kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Watu wa Pwani tunaongea sana, basi tumia kipaji hicho: ukinyamaza kwa kukosa pumzi, umezidisha. Hewa ya hapa ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi na mwili haupoi, hivyo kasi yako ya polepole hapa itakuwa chini ya ile utakayoisikia kwa watu wa Iten, mji wa wakimbiaji kule bara. Usiione aibu.

Siku ya tano ndiyo ya kujituma: baada ya kupasha misuli moto, kimbia dakika 3 kwa nguvu, dakika 2 taratibu, mara tano. Mzunguko wa tano ulingane na wa kwanza.

Ongeza muda wa wiki kwa karibu asilimia 10, si zaidi, na kila wiki ya nne upunguze. Moyo na mapafu huzoea upesi. Kano huchelewa sana, na hapo ndipo watu huumia wakidhani wako imara.

Hatua ya 4: Miguu

Simama kwenye ngazi ya daka, kile kibaraza cha mlangoni, kwa mguu mmoja, kisigino kikining'inia. Panda kwa vidole, shuka kwa sekunde tatu. Hesabu mpaka ushindwe, kisha badilisha mguu. Ukifika 25 kulia na 14 kushoto, umeshaujua udhaifu wako bila kukimbia hata hatua moja. Fanya mara tatu kwa wiki, ukianza na mguu dhaifu, na mguu wenye nguvu usiuzidishie.

Kukimbia peku ni kuzuri, lakini anza na dakika 5 mwishoni mwa mazoezi, kwa sababu mchanga laini huivuta kano ya kisigino kupita kiasi. Angalia pia mteremko wa ufuo: mguu wa upande wa bahari hukanyaga chini kuliko mwenzake. Ukienda na kurudi miguu hugawana taabu hiyo. Ukirudi kwa boti, mmoja umeibeba yote.

Kisiwa hakina milima, ila kina matuta ya mchanga nyuma ya Shela. Panda mara sita kwa sekunde 20, shuka ukitembea. Fuata njia iliyokwisha kukanyagwa, usivunje mimea, maana matuta hayo ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya mji.

Hatua ya 5: Joto

Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea. Jipime kwenye mizani kabla na baada ya kukimbia: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Dafu ni tamu na lina potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo ukitoka jasho jingi kula kitu chenye chumvi au tia kidogo kwenye maji ya ndimu. Mwezi wa Ramadhani kimbia polepole kabla tu ya kufuturu, na mazoezi ya nguvu yasogeze baada ya tarawehe.

Hatua ya 6: Rudia jaribio

Baada ya wiki sita hivi, tafuta tena asubuhi tulivu ya maji mafu na ukimbie zile kilomita 5. Tazama kilomita ya tano kwanza. Ikiwa imekaribia ya kwanza, hata kama jumla imepungua kwa sekunde chache tu, udhaifu wa kwanza umepungua. Hamia wa pili. Ikiwa bado inaanguka, rudia mpango uleule wiki nne, ila kilomita ya kwanza uichelewishe kwa sekunde 10 zaidi.