Kupanga seti ya kwanza ya kadi za Pokémon: anza na kuvuta, nguvu baadaye

Seti yangu ya kwanza niliipanga kwa tamaa. Kila kadi iliyong'aa niliichomeka, nikajaza kadi za nishati 25 (zinazolipia mashambulizi), nikakaa mezani najiona bingwa. Charizard alibaki mkononi mchezo mzima kwa sababu Charmander wa kumkuza hakutokea. Joka lisiloshuka mezani ni karatasi tu.

Sheria kwa ufupi: kadi 60 kamili, na jina moja lisizidi nakala 4, isipokuwa nishati za msingi. Waliotoka kwenye Pokémon TCG Pocket ya simu, yenye kadi 20 na nakala 2, wasahau hesabu zile. Unaanza na kadi 7 mkononi, 6 unazilaza kifudifudi kama zawadi. Ukimwangusha Pokémon wa kawaida unachukua zawadi moja, akiwa ex (aina yenye nguvu zaidi, yenye "ex" mwishoni mwa jina) unachukua mbili. Wa kwanza kumaliza zawadi zake sita ameshinda.

Hatua ya 1: Chagua mshambuliaji mmoja. Mmoja, jamani. Mimi nitamtumia Charizard ex wa toleo la Obsidian Flames (2023): uhai 330, na akishuka kutoka mkononi kumkuza Charmander au Charmeleon wako anakutafutia nishati za moto hadi 3 ndani ya seti na kuzifunga kwa Pokémon wako papo hapo. Weka Charizard ex 3, Charmander 4, Charmeleon 1, na Rare Candy 4. Kama kwenye michezo ya Game Boy, pipi hii inaharakisha ukuaji: unaruka Charmeleon, hatua ya kati. Ila haifanyi kazi zamu yako ya kwanza, wala kwa Charmander aliyeshuka zamu hiyohiyo.

Ukilenga mashindano, angalia kwanza herufi ndogo chini kushoto mwa kadi. Kadi zenye herufi za zamani huondolewa mashindanoni kadiri miaka inavyokwenda. Nyumbani haina shida.

Hatua ya 2: Hesabu Pokémon wa msingi, yaani wanaoshuka mezani bila kukuzwa kutoka kwa mwingine, kama Charmander. Kadi 7 za mwanzo zisipokuwa na hata mmoja, unamwonyesha mpinzani mkono wako, unachanga upya, naye anaruhusiwa kuvuta kadi moja ya bure. Ukiwa na wa msingi 8, balaa hilo litakupata takriban mara 35 katika michezo 100. Wakiwa 12, inashuka hadi 19. Kwa hiyo ongeza Pidgey 3 na Pidgeot ex 2, kisha jaza wengine wa msingi mpaka ufike 10 au zaidi. Pidgeot ex ndiye moyo wa seti hii: kila zamu anakuruhusu kutafuta kadi yoyote unayotaka. Yoyote!

Hatua ya 3: Kadi za kuvuta na kutafuta. Hapa ndipo wageni wanabania, na hapa ndipo unaposhinda au kushindwa mchezo. Nest Ball 4 inaleta wa msingi moja kwa moja kwenye benchi, wanapongojea Pokémon wasiopigana. Ultra Ball 4 inaleta Pokémon yeyote, ila unatupa kadi mbili kwanza. Usilie, tupa nishati iliyozidi. Professor's Research inakutupisha mkono wote na kukuvutia 7 mpya. Boss's Orders inamburuta mnyonge wa mpinzani kutoka benchi aje apigwe. Hizi mbili za mwisho ni kadi za aina ya Msaidizi (Supporter), na Msaidizi ni mmoja tu kwa zamu, kwa hiyo usirundike 15. Anayeanza mchezo hamtumii kabisa zamu yake ya kwanza, wala hashambulii.

Hatua ya 4: Nishati. Za moto 7 zinatosha, Charizard anajitafutia mwenyewe.

Hatua ya 5: Changa, gawa 7, vuta kama unacheza zamu tatu peke yako, andika matokeo. Rudia mara kumi. Charizard akikosa kushuka zaidi ya mara tatu, tatizo haliko kwake: toa kadi moja ya mbwembwe, ongeza ya kutafuta, changa tena.